Baridi ya Kanaba nayo ihesabiwe miongoni mwa visababishi vya ajali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi waendesha bodaboda wa milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, tunalijua kwa vidole vyetu wenyewe, lakini ambalo sijawahi kulisikia likitajwa katika mafunzo ya usalama barabarani niliyohudhuria. Pikipiki ikianguka wakati wa mvua, husemwa kwamba mwendeshaji alikuwa mbioni au kwamba barabara ilikuwa na utelezi, na mara nyingi husemwa kweli. Hata hivyo, lipo jambo la tatu lisiloulizwa na yeyote anayekuja kupima alama za tairi: je, mikono ya huyo mwendeshaji ilikuwa bado inafanya kazi?

Nimebeba abiria na mizigo kati ya Kabale na Kisoro kwa miaka kumi na mmoja. Msomaji aliye Kampala au Jinja huenda akashangaa kusikia habari za baridi katika nchi inayopitiwa na mstari wa ikweta, lakini mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Kisoro, baada ya kupita Muko, hupanda na kuukata msitu wa mianzi wa Echuya, ulio juu ya mita 2,200, kabla ya kufika Kanaba na kuanza kuteremka. Mnamo Juni na Julai, wakati wa kiangazi, alfajiri huwa na ukungu mzito na joto hukaribia nyuzi 10, na siku nyingine hushuka chini ya hapo. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, mvua huweza kukukuta msituni ikakusindikiza mpaka mjini.

Nyuzi 10 si kitu kwa mtu anayetembea kwa miguu huku amejifunika shuka. Kwa aliye juu ya pikipiki hesabu hubadilika, kwa sababu upepo huondoa ule utando mwembamba wa hewa yenye joto unaoizunguka ngozi. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa katika joto hilo la nyuzi 10, ngozi kavu huhisi kana kwamba ni nyuzi 5. Nguo zikilowa, hali huwa mbaya zaidi, kwani maji huuondolea mwili joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Ndipo mwili unapoanza kujitetea: hupunguza damu inayokwenda vidoleni na miguuni ili kuulinda moyo na viungo vingine vya ndani. Bahati mbaya ni kwamba pikipiki yote inaendeshwa kwa vidole na nyayo. Klachi iko kwenye mkono wa kushoto, breki ya mbele na mafuta viko kwenye mkono wa kulia, gia na breki ya nyuma viko miguuni. Kwa mwendo huo wa kilomita 60, ukichelewa sekunde moja tu kukaza breki, umekwisha kusogea karibu mita 17.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwezi wa Aprili, miaka michache iliyopita, nilimpakia mama mmoja wa makamo pale Muko, akiwa na kikapu cha viazi, na mvua ikatushika ndani ya Echuya. Nilikuwa nimevaa fulana ya pamba na jaketi jepesi lisilozuia maji. Tulipoanza kuteremka Kanaba, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nami nilikuwa nikivitazama ili kujua kama vimeshika. Kwenye kona tukakuta lori limesimama. Niliuamuru mkono wa kulia ubane breki, nao haukujikunja. Nikakanyaga ya mguu kwa nguvu, gurudumu la nyuma likateleza kwenye udongo uliokuwa umesombwa kutoka mashambani hadi juu ya lami, na tukaishia mtaroni. Mungu alitusitiri, mama aliteguka kifundo cha mguu, viazi vikamwagika. Alipokwisha kuketi kwenye nyasi akaniambia, "Mwanangu, umetetemeka tangu tulipokuwa msituni. Mbona hukusimama?"

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sikusimama kwa sababu kwenye kipande kile cha barabara hapakuwa na mahali pa kujisitiri mvua: hapakuwa na kibanda wala paa la bati, bali mianzi inayodondosha maji na ukingo wa mlima ambao wakati wowote unaweza kuporomoka. Anayesimama hapo hulowa vilevile, tena huku giza likimkaribia, kwa hiyo kila mmoja wetu huona ni afadhali aendelee. Ninavyoona mimi, uamuzi huo hufanywa na mtu ambaye akili yake nayo imekwisha kupoa. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kufikiri polepole na kuamua vibaya, na akiacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi, hiyo si nafuu hata kidogo, ni dalili kwamba mwili umeishiwa nguvu.

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba dawa ya baridi ni waragi, na ingawa pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, chupa bado zinapatikana. Nawasihi waliache jambo hilo. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mnywaji akahisi joto usoni, kumbe joto lenyewe ndilo linalotoka mwilini na kupotelea hewani. Kikombe cha bushera ya moto, yaani uji wetu wa mtama, au chai ya tangawizi kabla ya kuondoka hufaa zaidi, na hakimwondolei mtu uangalifu wake.

Katika nchi za Ulaya, ambako majira ya baridi huleta theluji na barafu, wapo watu wasioziweka pikipiki zao ndani hata wakati huo. Nchini Ujerumani kuna mkutano wao mkubwa unaofanyika katikati ya baridi, ulioanza mwaka 1956. Hutumia vishikio vya usukani vinavyopashwa joto kwa umeme na mifuko minene inayofunika mikono ikiwa imeshika usukani. Vya umeme hatuna uwezo navyo, lakini mifuko ile inashoneka hapa hapa. Fundi cherehani wa sokoni Kisoro alinishonea jozi moja kwa kipande cha turubai nje na blanketi kuukuu ndani, na mbele yake nimefunga nusu mbili za dumu la lita 5 ili kuzuia upepo. Ndani ya jaketi navaa sweta la sufu la mtumba, kwa kuwa sufu hata ikilowa huhifadhi joto kiasi, tofauti na pamba inayonyonya maji na kukugandamania. Pasipo na sufu, kurasa kadhaa za gazeti zilizopangwa kifuani chini ya jaketi huzuia upepo vizuri. Tangu nianze utaratibu huu, vidole vyangu hufika Kisoro vikiwa hai.

Tena tusimsahau abiria. Yeye hana usukani wa kushikilia wala habari ya mvua iliyoko mbele, na mara nyingi ni mama aliyebeba mtoto mgongoni akipelekwa kliniki. Mtoto huyo hupoteza joto upesi kuliko sisi wakubwa, naye ndiye anayepigwa na upepo na mvua mgongoni mwa mama yake. Koti la pili la mvua, la abiria, lingepaswa kuwa chini ya kiti cha kila bodaboda wa milimani.

Vyama vyetu vya stejini hukusanya akiba kila wiki, na fedha hizo zimewahi kununua fulana za kung'aa kwa wanachama wote. Naviomba vinunue pia makoti ya mvua na gambuti kwa jumla, mwanachama alipe kidogo kidogo, maana kununua moja moja dukani wengi hatuwezi. Wanaotufundisha kwa ajili ya leseni nao watenge walau saa moja kueleza habari za baridi na ganzi. Kwa halmashauri za wilaya zetu na wenye dhamana ya barabara, ombi langu ni mabanda mawili tu yenye paa na benchi: moja Echuya, mahali ambapo ukingo ni imara, na jingine pale juu Kanaba kabla ya kona ya kwanza ya mteremko. Hapo Kanaba pana uwanda mpana wa kutosha pikipiki kumi, na akina mama wauza mahindi ya kuchoma wamekuwa wakiketi hapo siku zote, wamejifunika turubai, na moto wao umewaka.

Mwendesha bodaboda,
Kisoro