Kabati la ukutani likaguliwe kabla halijafungwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu makabati ya nguo ya kujengewa ukutani. Mteja anapokutana na fundi, mazungumzo huwa ni rangi, idadi ya droo na aina ya vishikio. Ni nadra sana kusikia mteja akiuliza kabati litashikwa na nini. Siku ya kukabidhiwa, milango imeshafungwa na nguo zinasubiri, na kila kinacholinda au kuhatarisha familia kimejificha nyuma ya ubao. Ombi letu ni kwamba mteja aje mapema, boksi (viunzi vya kabati kabla ya milango) zikiwa wazi, akague kwa macho yake.

Jambo la kwanza la kukagua ni skrubu za juu. Watu hudhani kabati la kujengewa haliwezi kuanguka kwa kuwa limebanwa kati ya kuta mbili. Mara nyingi halijabanwa na kitu: limekaa tu juu ya kitako chake, na nafasi za pembeni zimezibwa kwa silikoni au povu. Droo tatu zilizojaa zikivutwa kwa pamoja, uzito wote huhamia mbele. Mtoto akipanda juu ya droo ya chini kama ngazi, boksi jembamba linaweza kumwangukia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kuhusu samani za nguo zinazopinduka, na kipimo kinachotumika huiga uzito wa mtoto wa takriban kilo 27. Lakini kipimo hicho ni cha samani zinazosimama zenyewe. Kabati la kujengewa halimo, kwa sababu inachukuliwa kwamba limefungwa kwenye jengo. Kwa hiyo fundi asipolifunga, hakuna kipimo kingine kitakachomwokoa mtoto.

Ubao wa nyuma wa milimita 3 au 6 haushiki skrubu. Kichwa hupenya kama kwenye karatasi. Panatakiwa kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi cha milimita 18, upana wa sentimita 10 hivi, kiungwe na mbavu zote mbili za boksi, yaani mbao za pembeni, upande wa juu, na skrubu zipite hapo. Sasa tupige hesabu. Skrubu ya milimita 60 ikipita milimita 18 za kipande hicho na milimita 15 za plasta, zinazobaki ndani ya tofali ni 27 tu. Plasta ikiwa nene zaidi, karibu hakuna kinachoshika. Tumieni ya milimita 80, angalau mbili kwa kila boksi. Ukuta wa tofali lenye matundu unahitaji plagi (kifuko cha skrubu kinachoingizwa ukutani) inayotanuka upande wa ndani, maana plagi ya kawaida hutumbukia kwenye tundu na skrubu hubaki inazunguka bure. Kwenye jipsamu, skrubu lazima ipate fremu iliyo nyuma yake.

Kosa baya kuliko yote ni hili, na mteja hulisababisha bila kujua. Kuta nyingi hazijanyooka. Fundi akikaza skrubu huku pana uwazi wa milimita 8 nyuma ya boksi, boksi linajipinda na milango inapishana. Mteja analalamika kuhusu milango. Fundi, akitaka kumridhisha haraka, analegeza skrubu, milango inanyooka, na kabati linabaki limesimama bila kushikwa. Dawa yake ni kujaza uwazi ule kwa vipande vya plaiwudi kabla ya kukaza, huku pimamaji ikiwa juu ya boksi. Ukiona milango imenyooshwa kwa haraka ya ajabu, chungulia juu uhakikishe vichwa vya skrubu vimekaa.

Milango ya kuteleza ina mtihani wake. Mlango wa MDF wa milimita 18, urefu mita 2.4 na upana sentimita 90, una uzito wa kilo 28 hivi. Ukibandikwa kioo cha milimita 4 juu yake wote, ongeza kama kilo 21. Huo ni mlango wa karibu kilo 50, na magurudumu mengi madogo yanayofungwa kwenye makabati hayakutengenezwa kwa mzigo huo. Uzito unaobebwa na kila jozi ya magurudumu huandikwa kwenye pakiti, basi mwambie fundi akuonyeshe pakiti yenyewe. Reli ya juu iwe na vizuizi miishoni na kifaa cha kuzuia mlango usiruke kutoka kwenye reli. Na kama mlango unaning'inia kutoka juu, reli isifungwe kwenye dari ya jipsamu peke yake.

Kioo nacho kisibandikwe kwa gundi tu. Kiwe na fremu, au ukingo wa kukishika kwa chini, ili gundi ikiachia kisishuke. Silikoni yenye harufu ya siki hula rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo, kwa hiyo tumieni isiyo na asidi. Kioo kiwe na karatasi ya usalama nyuma yake, ile inayoshikilia vipande kikivunjika. Fundi anayekwambia kioo chochote ni salama almuradi ni kinene amekudanganya: unene peke yake hauzuii vipande virefu vyenye ncha.

Bawaba tutazipitia haraka. Mlango wa upana wa kawaida wenye urefu wa hadi sentimita 90 unahitaji bawaba mbili, hadi 160 tatu, hadi 200 nne, na hadi 240 tano. Kupunguza moja ni kuliongezea mzigo tundu la bawaba ya juu, na chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, humeguka hapo kwanza.

Kuhusu umeme, mwonye fundi asitoboe ukuta wima juu au chini ya soketi na swichi, maana waya mara nyingi hupita humo. Kabati lisifunike kisanduku cha fyuzi. Taa za ndani ziwe za LED, zikae angalau sentimita 15 mbali na nguo, na zizimwe na swichi ya mlango. Balbu inayopata moto haina nafasi kabisa ndani ya kabati. Transfoma ya LED iwekwe mahali penye hewa na panapofikika. Ikifukiwa chini ya mablanketi itapata joto kupita kiasi.

Kwa wenye watoto wadogo, tunasisitiza: msiweke komeo linalojifunga lenyewe. Mtoto anayejificha humo lazima aweze kutoka kwa kusukuma tu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kuhusu majokofu kwa sababu hiyohiyo, baada ya watoto kukwama ndani na kufa. Sumaku inatosha kushika mlango wa kabati.

Halafu kuna hewa ya chumba. Gundi ya mbao za MDF, plaiwudi na chipubodi hutoa gesi ya formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 iliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Omba mbao za daraja la E1, yaani zinazotoa gesi hiyo kidogo, au bora zaidi, na utepe wa kingo ubandikwe pande zote, hata juu ambako hakuna anayetazama, kwa sababu gesi nyingi hutokea kwenye kingo zilizokatwa. Kabla ya kupanga nguo, acheni milango na madirisha wazi kwa siku kadhaa. Ukuta unaopakana na nje uachiwe nafasi ya sentimita 2 nyuma ya kabati, la sivyo unyevu utaleta ukungu.

Na jambo moja lisilogharimu chochote: kabla boksi hazijasimamishwa, piga picha ya ukuta mtupu, pembeni pakiwa na futi ya kupimia, ili soketi, waya na mabomba yaonekane yako wapi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Atakayekuja kutoboa miaka mingi baadaye ataikuta hapo.

Mafundi wa samani za ndani