Kaolini ya Pugu peke yake haitoi kikombe

Mhariri,

Kila inapotajwa kaolini ya vilima vya Pugu, kule Kisarawe, huzuka hoja kwamba nchi yenye udongo mweupe kiasi hicho haina sababu ya kununua vikombe vya kauri kutoka nje. Hoja ina uzito, ila inaruka hatua nyingi, na vijana wanaotaka kula kwa kazi hii waambiwe mapema.

Kaolini hiyo imo ndani ya mawe ya mchanga. Huvurugwa majini, mchanga ukaachwa utuame, yale maji meupe kama tui yakamiminwa na kuchujwa kwa chekeche laini. Hata ikishaoshwa, ukiichoma peke yake itabaki kama chaki na kunywa maji. Mchanganyiko wa kuanzia, kwa uzito mkavu, ni kaolini sehemu 50, feldispa (aina ya madini ya mawe) 25, unga wa kwatzi (jiwe gumu la mchanga mweupe) 25, na juu yake bentonaiti (aina ya udongo laini sana) 2 au 3. Feldispa ndiyo inayoyeyuka motoni na kuvigandisha vingine. Bentonaiti huupa udongo unato. Ichanganywe na unga mwingine kabla ya maji, la sivyo hufanya mabonge yasiyovunjika. Kisha udongo ulazwe wiki kadhaa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Aliyezoea udongo wa vyungu atapata tabu kwenye gurudumu la kufinyangia. Kauri hunywa maji upesi. Ukikawia nayo, ukuta unalegea na kuanguka. Kitako kikandamizwe kwa kipande cha ubao, kutoka katikati kwenda nje na kurudi. Kisipokandamizwa hutoka ufa wenye umbo la S, na mara nyingi hauonekani mpaka mchomo wa mwisho, gharama zote zikiwa zimeshaingia. Mkono ubandikwe wakati wenyewe na kikombe vina unyevu sawa, kisha vifunikwe vikauke polepole kwa siku kadhaa. Mdomo uliopinda ukaunyoosha kwa vidole, usijidanganye: tanuruni utarudi ulivyokuwa.

Halafu kuna kusinyaa. Chora mstari wa milimita 100 kwenye kigae kibichi, kichome, upime tena. Ukikuta 86, udongo wako unasinyaa asilimia 14, na kikombe cha sentimita 9 lazima kifinyangwe sentimita 10.5. Bila hesabu hiyo mfuniko wa birika hautakaa.

Mchomo wa kwanza huishia karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, chombo kikachovywa glezi, yaani ngozi yake ya kioo. Mchomo wa pili hufika 1,280 hadi 1,300, joto ambalo moto wa wazi wa wachoma vyungu haulifikii. Glezi rahisi ya joto hilo ni feldispa sehemu 40, kwatzi 30, mawe ya chokaa yaliyosagwa 20, kaolini 10. Ikijaa nyufa kama nywele, maana yake glezi inasinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa; ongeza kwatzi kidogo kidogo. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yasiingie kabisa kwenye chombo cha kunywea. Na vumbi la kwatzi huharibu mapafu: vaa barakoa, futa sakafu kwa tambara bichi, fagio likae mbali.

Kabla ya kuuza, pima uzito wa kipande kilichochomwa bila glezi, kichemshe saa 5, kiache majini siku nzima, ukifute na kukipima tena. Gramu 100 zikiwa 103, hiyo bado si kauri. Isizidi 101.

Kuhusu kipato, tazameni mfinyanzi Lucie Rie, aliyekimbia Vienna mwaka 1938 akafungua karakana London. Wakati wa vita alijikimu kwa vifungo vya nguo vya udongo. Baadaye yeye na mfinyanzi mwenzake Hans Coper walitengeneza vikombe na seti za chai na kahawa. Rie alipaka glezi kwenye chombo kibichi na kuchoma mara moja tu katika tanuru la umeme. Njia hiyo huokoa umeme, lakini chombo kibichi kikilowana kupita kiasi hupasuka mkononi.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi: kabla ya kununua magurudumu kumi, nunueni mizani ya gramu, koni za kupimia joto (vipande vya udongo vinavyopinda tanuru likifika joto fulani) na tanuru moja dogo la majaribio linalofika 1,300.

Mdau wa ufinyanzi,
Dar es Salaam