Mwenye watoto wadogo asianzie chini pale Sipi

Mhariri,

Shule zikikaribia kufungwa, familia nyingi za Mbale, Tororo na hata Kampala huanza kuulizana habari za kwenda Sipi, penye maporomoko ya maji kwenye miteremko ya Mlima Elgon wilayani Kapchorwa, Uganda. Waende, tena wawachukue watoto. Ninachoomba ni kimoja: mwenye watoto wadogo asianzie poromoko la chini.

Mto Sipi unaanguka mara tatu. Poromoko la juu lina kimo cha takriban mita 85, la kati mita 75 hivi, na la chini, lile la kwenye picha zote, karibu mita 100. Senta ya Sipi iko juu ya hilo la chini, kwa hiyo anayetaka kufika kitakoni mwake hutelemka kwanza, kisha hupanda. Hapo ndipo hesabu za wazazi wengi huharibika. Mtoto wa miaka mitano hushuka akikimbia na kucheka, wazazi wakaona njia nyepesi. Kumbe mapaja huchoka sana wakati wa kushuka, maana ndiyo yanayouzuia mwili usiporomoke. Akifika chini magoti yanatetemeka, nguo zimelowa manyunyu, njaa inauma, na mlima wote bado uko mbele yake. Itabidi abebwe, na njia yenyewe ina ngazi za miti.

Ngazi hizo zinataka mikono miwili. Kabla mtoto hajakanyaga, mtu mzima azitikise, aangalie kama vidato vimekaza, na afute matope kwenye viatu vya wote, kwa sababu udongo wa Elgon ukilowa hujaza soli na kidato huteleza kama sabuni. Mkubwa hutangulia kushuka, uso ukiielekea ngazi, akae kidato kimoja chini ya mtoto, mikono yake ikipita pande zote mbili za mwili wa mtoto. Mtoto naye aangalie ngazi, asiangalie bonde. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa mbeleko iliyofungwa barabara, kamwe si kifuani, maana anayembeba kifuani haoni anapokanyaga. Kandambili ziachwe kwenye gari.

Kwa watoto walio chini ya miaka minane, ushauri wangu ni kuelekea poromoko la juu. Njia hupanda taratibu kati ya migomba na mibuni, na faida yake ni hii: mtoto akichoka popote, kurudi ni kushuka. Poromoko kubwa la chini wataliona vizuri kutoka ukingoni ng'ambo ya bonde, mradi washikwe mkono, kwani kingo nyingi hazina uzio. Mzunguko wa maporomoko yote matatu huwachukua watu wazima saa tatu hadi nne. Huo uwasubiri wakue.

Muondoke Mbale alfajiri. Mvua ya Elgon hupenda mchana, na miezi ya Aprili na Mei hainyeshi kwa kubembeleza. Tena inaweza kunyesha juu mlimani huku mlipo kuna jua, na maji yakageuka ghafla kuwa mengi na mekundu. Mkiona rangi hiyo, tokeni mtoni mara moja. Hata siku kavu watoto wasiogeshwe chini ya poromoko. Mawe huanguka pamoja na maji.

Barabara ina kona nyingi, na mtoto aliyeshiba chai ya maziwa hutapika kabla ya kufika. Mpeni kidogo tu, ale vizuri baada ya kutembea: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, mayai. Karanga nzima wasipewe walio chini ya miaka mitano, hasa wakiwa wanatembea, maana huwapalia. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa nyumbani, na kila mtoto awe na nguo kavu na sweta ndani ya mfuko wa plastiki. Akilowa kule juu upepo humtia baridi upesi kuliko mkubwa.

Njia zinapita kwenye mashamba ya watu, hivyo chukueni kijana wa pale awaongoze, mpatane bei mapema na mumtajie umri wa kila mtoto ili achague njia. Na buni zisichumwe kwa kuchezea. Ni karo ya watoto wa mwenye shamba.

Kwa wanaosimamia njia hizo nina ombi dogo. Kila mwanzo wa njia pawekwe kibao kinachoonyesha muda wa kupanda kurudi, kwa mwendo wa mtoto, na idadi ya ngazi zilizoko. Mbao mbili na rangi kidogo zinatosha, na mzazi ataamua akiwa bado yuko juu.

Msomaji wenu,
Mbale