Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Uniti 75 zihesabiwe kwa kaya, si kwa mita

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakusalimu. Mimi ni mpangaji wa Mbagala, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita, familia sita na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Ombi langu nalitanguliza usije ukalitafuta mwishoni: zile uniti 75 za umeme wa bei nafuu kwa mwezi zihesabiwe kwa kaya, zisihesabiwe kwa mita. Bila hivyo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia utaingia kwenye nyumba zenye geti na kuturuka sisi.

Mkakati huo aliuzindua Rais Samia Mei 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu moshi naujua. Hapa tunapika koridoni. Mvua ikinyesha, jiko la mkaa linaingizwa chumbani na mtoto amelala pale pale, mlango umefungwa, na ile gesi ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu. Serikali yenyewe imetaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka vinavyotokana na moshi wa majikoni. Halafu kuna misitu. Kwa matanuri ya udongo yanayotumika porini, kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Sehemu ya mkaa unaofika huku hutoka Morogoro, mkoa ambao mito yake, Kilombero ukiwemo, ndiyo inayoujaza Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Tunachoma vyanzo vya maji ya bwawa letu wenyewe ili tuivishe maharage, ilhali bwawa lenyewe lina megawati 2,115.

Kwa nini basi hatupikii umeme? Wengi hudhani ni ushamba, au ni kasumba kwamba wali wa mkaa ni mtamu zaidi. Sivyo. Ingia nyumba yoyote ya kupanga Mbagala, Tandale au Vingunguti, uulize masharti ya mwenye nyumba. Utaambiwa: pasi kwa zamu, hita marufuku, jiko la umeme marufuku kabisa. Sharti hilo halitokani na roho mbaya. Linatokana na mita moja.

Nifafanue, maana hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 122. Akizidi, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi na tozo. Akiendelea kuzidi, anahamishiwa kundi la matumizi ya kawaida ambako uniti moja, pamoja na kodi na tozo, ni kama 356. Ndiyo maana elfu moja inatoa uniti 2.8 tu. Punguzo hili liliwekwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na ni jambo jema. Lakini mita haijui kuhesabu watu. Familia sita zinazotumia uniti 30 kila moja, taa, televisheni, feni na kuchaji simu, kwa pamoja ni uniti 180. Mfumo unaona mteja mmoja mkubwa. Kila familia hapo inalipa zaidi ya shilingi 10,600 kwa umeme ambao mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake mwenyewe, kwa uniti zile zile 30, angeulipia 3,660. Maskini waliobanana ndio wanaolipa bei ya tajiri.

Sasa ongeza kupika. Presha ya umeme, yaani sufuria ya umeme inayopika kwa mvuke uliofungiwa ndani, huivisha maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa kuwa joto linabaki ndani ya sufuria na umeme hukatika wenyewe presha ikishapanda. Familia inayopikia presha vyakula vingi vya siku inaweza kutumia uniti moja hadi moja na nusu kwa siku. Chukua ile ya juu: 45 kwa mwezi. Jumlisha na zile 30 za taa na mengineyo. Ni 75 kamili, Mheshimiwa. Kaya ya kawaida ya mpangaji inaweza kuwasha taa na kupika ndani ya kiwango kile kile ambacho Serikali ilishakiweka, kwa shilingi 9,150 kwa mwezi. Mkaa wa kupima wa elfu moja tu kwa siku ni 30,000. Lakini kwa mita ya pamoja, uniti hizo hizo 75 ni 26,700, na juu yake ugomvi wa nani kamaliza umeme. Nani atahama kwenye mkaa kwa hesabu hiyo?

Kuna watakaosema kila mpangaji avute umeme wake. Bei ya kuunganishiwa iliyorejeshwa Januari 2022 ni 27,000 kijijini na 320,960 mjini, hata nyumba ikiwa karibu na nguzo. Hakuna mpangaji wa chumba kimoja atakayetoa fedha hiyo kwenye ukuta usio wake. Wengine wamefunga mita ndogo za ndani. Zinasaidia kugawana bili na kupunguza kelele, ila bei ya uniti inabaki ile ile ya juu. Na gesi? Mtungi wa kilo 6 wa ruzuku ni msaada wa kweli kwa aliyeupata, lakini kuujaza ni zaidi ya 20,000 kwa mkupuo, na mtu wa kipato cha kila siku hununua moto kama anavyonunua unga, kwa kupima.

Ninachoomba kinawezekana. Mtendaji wa Mtaa ana daftari la wakazi na sisi tuna namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa. Mwenye nyumba athibitishe idadi ya kaya, shirika la umeme, TANESCO, lije likague, kisha mita ya kaya sita ipewe uniti 450 za bei nafuu. Shirika litaogopa hasara, na hofu hiyo naielewa. Ila uniti za kupikia ni mauzo mapya. Leo hii fedha hiyo yote inakwenda kwenye gunia la mkaa.

Mikopo ya majiko nayo, ikilipwa kupitia LUKU, isifungwe kwenye mita. Mita ni ya mwenye nyumba, na mpangaji huhama na sufuria yake. Deni lifuate namba ya NIDA. Na kabla presha sita hazijawashwa saa moja jioni, nyaya zikaguliwe, kwa kuwa nyumba nyingi za huku zilisukwa kwa ajili ya balbu na redio. Mwenye nyumba anayekubali kubadilisha nyaya apewe mkopo wa riba nafuu. Woga wake wa moto ni wa haki.

Naomba EWURA iagizwe kuliweka suala la mita za pamoja kwenye mapitio yajayo ya bei, na vikao vya kukusanya maoni vifanyike huku kwetu, jioni au Jumapili, wakati wapangaji wako nyumbani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpangaji, Mbagala, Dar es Salaam