Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Turuhusuni tuhame

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo ni mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania, nipende nisipende. Kila mwezi inakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Kukatwa silalamikii. Tatizo ni kwamba nisiporidhika sina pa kwenda.

Ukifika dirisha la dawa na cheti mkononi, jibu tumelizoea: "Hii haipo, kanunue nje." Nje kwenyewe ni duka lililo mkabala na geti, na dawa ipo, hata Jumapili usiku. Mwenye duka hana mpango mkakati wala semina elekezi. Asipoleta mzigo, hauzi, basi. Dirishani dawa ikiisha hakuna anayepoteza mteja, maana mteja ameshalipa kabla hajaugua.

Machi 1, 2024 Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma unazolipia na bei unazozilipa hospitali. Hospitali kadhaa binafsi zikasema bei zile hazirudishi gharama, zikasitisha kuwahudumia wenye kadi. Mitaani zilitukanwa kwa tamaa. Lakini Serikali ndiyo yenye Mfuko unaonunua huduma, ndiyo yenye hospitali zinazouza huduma hiyohiyo, na ndiyo inayowasimamia wote. Refa kavaa jezi. Hospitali ya umma mishahara yake inatoka Hazina, hivyo bei ya chini inaimudu. Ya binafsi inalipa daktari, umeme na mkopo wa benki kutokana na bei hiyohiyo.

Tuliwahi kwenda mbali zaidi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, tukabaki na hospitali za Serikali na za mashirika ya dini hadi mlango ulipofunguliwa tena mwaka 1991. Marufuku ile ingekuwepo leo, sijui foleni ya Muhimbili ingeishia wapi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tunayo. Ombi langu ni kwamba asilimia 6 imfuate mtumishi kwenye bima yoyote iliyosajiliwa atakayoichagua, na kila hospitali ijipangie bei na kuibandika ukutani. Asiye na uwezo Hazina imlipie mchango, naye achague pa kutibiwa kama mwingine yeyote.

Anza na sisi watumishi, Mheshimiwa, hata kwa majaribio ya mwaka mmoja, uone Mfuko utabaki na wangapi.

Mwanachama wa lazima,
Morogoro