Bondia akipigwa msimzike

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandishi wenu wa ngumi. Nafundisha vijana Manzese. Kijana akipoteza pambano ugenini, kesho yake gazeti linaandika "adundwa", basi. Jina lake halionekani tena, na promota naye hapokei simu.

Mfuatilieni Hong Soo-hwan wa Korea Kusini. Julai 1974 alimfuata Arnold Taylor, bingwa wa dunia wa WBA (chama cha ngumi cha dunia) uzito wa bantam (hadi kilo 53.5), kwao Afrika Kusini, mjini Durban. Akamwangusha mara nne, akabeba mkanda kwa pointi baada ya raundi 15. Alipompigia mama yake simu kumwambia amekuwa bingwa, Korea nzima iliyasikia mazungumzo yale redioni.

Machi 1975, Alfonso Zamora wa Mexico akampiga KO raundi ya nne kule California. Wakarudiana Incheon mwaka 1976, nyumbani kwa Hong, akasimamishwa raundi ya 12. Kwa uandishi wetu, huyo kaisha.

Akapanda uzito. Novemba 1977 alikwenda Panama kugombea mkanda mpya wa WBA wa super bantam na Hector Carrasquilla, kijana wa hapo hapo aliyeshinda mapambano 11, yote kwa KO. Raundi ya pili Hong aliangushwa mara nne. Mara nne ndani ya dakika tatu! Kanuni ya kumaliza pambano bondia akianguka mara tatu katika raundi moja haikutumika usiku ule, kwa hiyo kila alipoinuka aliruhusiwa kuendelea. Raundi ya tatu akamwandama Carrasquilla hadi kwenye kamba, mbavu na kichwa, akammaliza kwa KO.

Mimi kama kocha nisingekubali kijana wangu aanguke mara nne, ningerusha taulo pambano lisimame. Ninachokisifia zaidi ni kipindi kile baada ya Zamora. Kuna watu waliendelea kumpangia mapambano bondia aliyepigwa mara mbili na mtu yule yule.

Kwa hiyo mkiandika kijana wetu kapigwa Urusi au Uingereza, andikeni pia kapigwa na nani, raundi ya ngapi, alipewa siku ngapi za kujiandaa, na kama alicheza kwenye uzito wake. Taarifa hizo makocha tunazo. Tuulizeni.

Kocha wa ngumi,
Manzese, Dar es Salaam