Barua kwa rafiki wa Kolwezi aliyekabidhiwa sono

Lubumbashi, Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu ya ile larsen, ule mlio wa mikro inayojisikia yenyewe kwenye spika, iliyokuwa inalia nyuma yako. Nilitaka kujua inatoka wapi. Hongera kwa kukabidhiwa sono, yaani mitambo ya sauti, ya kanisa. Na pole, maana kuanzia sasa mahubiri yakiwa matamu ni kazi ya Roho Mtakatifu, mikro ikilia ni kazi yako.

Unaniuliza ujifunzie wapi, na kama ulipie ile kozi ya kwenye intaneti. Usilipe kwanza. Mimi nililipia moja, wakanifundisha miksa (meza za kuchanganyia sauti) za matamasha makubwa, na hapa mtaani Katuba nilikuwa na miksa ya njia kumi na mbili, mbili kati yake zimekufa. Hiyo pesa nunua kebo nzuri za XLR, zile za mikro, na hedifoni za kufunika masikio.

Mwalimu wako wa kwanza ni kitabu cha maelezo cha miksa yako yenyewe. Yamaha, Behringer, Soundcraft, wote wanaviweka bure kwenye tovuti zao, na faili ya maandishi haili mega kama video. Ukikipakua, ruka hadi mwisho utafute mchoro wa njia ya sauti, ule wa mistari na visanduku. Ukiuona utataka kuufunga. Usiufunge. Unakumbuka waimbaji walivyokuwa wakinilalamikia kwamba kila nikipunguza sauti ya ukumbini, wao jukwaani hawajisikii tena? Miezi mingapi nilidhani ni kiburi cha waimbaji! Kumbe kwenye mchoro ilionekana wazi: sauti ya kwenda bafle za jukwaani, zile spika za waimbaji, nilikuwa naichukua baada ya kitelezi, kile cha kupandisha na kushusha sauti, siyo kabla. Nikishusha kitelezi kwa ajili ya ukumbi, nawashushia na wao. Kuna kitufe kidogo cha kubonyeza, basi. Nikakibonyeza, malalamiko yakaisha siku ileile.

Vingine vya bure nitakutajia haraka. Programu ya X32-Edit inafungua kwenye kompyuta hata kama miksa yenyewe, X32 ya Behringer, huna, unazoea mpangilio wa miksa ya dijitali kabla hujaigusa. Tovuti ya Cambridge Music Technology ina mamia ya nyimbo zilizotenganishwa, ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake, unajifunza kuzichanganya nyumbani. Ila ni faili nzito, hizo niachie mimi. Dave Rat, aliyewapigia sauti Red Hot Chili Peppers miaka mingi, ana video nyingi. Anaongea Kiingereza, lakini anaonyesha kwa mikono, utamwelewa.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe unacho tayari na wengi wanakitafuta. Wewe si ulikuwa kwenye kwaya? Ile noti ya la ya diapazoni, kile chuma cha kutolea noti ambacho mwalimu wa kwaya alikuwa anakigonga kwenye goti, ni hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ipandishe oktava moja ni 880, nyingine 1760. Kila oktava unazidisha mara mbili, hakuna uchawi. Kwa hiyo ukisikia larsen inaimba la hiyo ya 440, kwenye ekwalaiza ya vitelezi 31, ambayo kila kitelezi kinashusha au kupandisha hezi zake, mkono unakwenda kwenye 400, ndicho kilicho karibu na 440. Ikiimba oktava ya juu yake, 800. Watu wanahangaika miaka na hili, wewe unalo kooni.

(Hiyo larsen, kwa taarifa yako, ni jina la mtu: Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark. Maskini, fikiria watu wanavyokunja uso kila wakilitaja.)

Zoezi lifanye siku ambayo kanisa ni tupu. Weka mikro moja mahali pake, pandisha polepole hadi ianze kuimba yenyewe. Iimbe na wewe, tafuta noti, kisha hakikisha kwa programu ya simu ya kupima noti. Shusha kitelezi chake desibeli tatu hivi. Pandisha tena, ikilia kwingine shusha na hapo. Zikifika tatu au nne acha, ukiendelea utabaki na sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Na kumbuka ukumbi ukijaa watu sauti inabadilika, nguo na miili vinakula sauti.

Kabla ya ekwalaiza lakini, tazama mikono. Mikro ya kuimbia kama SM58 imeundwa isikie mbele na izibe masikio nyuma, ndiyo maana bafle ya jukwaani inawekwa nyuma yake. Mwimbaji akifunika kichwa cha mikro kwa kiganja, kama wanavyopenda vijana wa rap, inaanza kusikia kila upande. Hapo utashusha vitelezi vyote bure.

Nami nina aibu yangu. Harusi moja hapa, baba wa bibi harusi alijaribu mikro kwa kunong'ona «moja, mbili». Nikampandishia geni, ile nguvu ya mikro inapoingia kwenye miksa, hadi juu. Wakati wa baraka akasimama akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Bafle zikakoroma, watoto wakalia, mama mmoja akaangusha sahani ya sombe. Tangu siku hiyo hakuna anayenijaribia kwa kunong'ona. Nawaambia: sema kama utakavyosema.

Amplifaya, ile inayozipa bafle nguvu, iwashe mwisho, izime kwanza. Na yule anayekushauri ukate mguu wa tatu wa plagi ili mngurumo uishe, usimsikilize, umeme huo utampata mwimbaji mdomoni.

Nimekuwekea nyimbo kumi zilizotenganishwa kwenye flashi, nitampa dereva wa basi Jumatano. Kabla ya hapo nitumie picha ya jukwaa, ipige kutoka pembeni. Nina mashaka bafle ya jukwaani inaitazama mikro ya mchungaji uso kwa uso.

Wako wa Katuba